Kiwanja cha watoto hulindwa na wanaokitumia

Mazungumzo haya ya kila wiki yalisomwa redioni na yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.

Mpenzi msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo: namna ya kuandaa siku ya watu wote wa mtaa katika kiwanja cha kuchezea watoto. Najua wapo watakaosema kuwa maji hayatoki, barabara ina mashimo, umeme unakatika, halafu mtangazaji anatuletea habari za bembea na mbio za magunia. Naomba mnivumilie. Nitakapofika mwisho nadhani mtaona kwamba habari ya bembea ni habari ya ardhi, ya sheria na ya ujirani pia.

Katika miji yetu kiwanja cha watoto hakipotei kwa siku moja. Kwanza mnyororo wa bembea hukatika na hakuna anayeurudisha. Majani yanaota, na akina mama wanawakataza watoto kwenda huko kwa hofu ya nyoka na chupa zilizovunjika. Kisha mtu mmoja anaegesha gari bovu, anasema ni kwa siku mbili tatu tu. Mwingine anamwaga tripu mbili za mchanga na kuanza kufyatua matofali. Kinazuka kibanda cha chipsi, baadaye gereji. Mwishowe, asubuhi moja, watu wanaamka na kukuta mabati yamezungushwa, na mlangoni amesimama mlinzi anayesema bosi wake ana karatasi. Hapo ndipo kelele zinapoanza, na mara nyingi zimechelewa.

Si hadithi ya kubuni. Mnamo mwaka 2011 Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Profesa Anna Tibaijuka, alilivalia njuga suala la viwanja vya wazi vilivyovamiwa Dar es Salaam, na kuta zikabomolewa. Kwa majirani zetu wa Nairobi mambo yalikuwa mazito zaidi. Huko, wakati wa likizo, ukuta ulijengwa kuukata uwanja wa michezo wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi pamoja na wanaharakati walipotoka kwenda kuuangusha, polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Picha za watoto waliovaa sare za shule wakikimbia moshi zilisambaa duniani, serikali ikaona aibu, na uwanja ukarudi kwa shule.

Mimi nauliza: ni lazima tufike huko? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ufa huo ni kiwanja kukaa bila watu. Mvamizi hatafuti kiwanja chenye watoto mia wanaopiga kelele kila jioni, chenye kamati na chenye ubao wa jina. Anatafuta mahali ambapo hata akiuliza "pa nani hapa?" kila mtu atainua mabega. Ndiyo maana naona siku moja ya tamasha la mtaa, ikiandaliwa vizuri, ina faida kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Haki yenyewe imeandikwa

Wapo wanaodhani kwamba mchezo ni anasa ambayo mtoto hupewa akimaliza kazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza michezo inayofaa umri wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema vivyo hivyo katika kifungu cha 12. Sheria yetu wenyewe ya Mtoto, ya mwaka 2009, inataja kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Lakini haki ya kucheza bila mahali pa kuchezea ni maneno matupu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mji huo ilijengwa kabla mpima hajafika. Nyumba zimegusana, uchochoro unapitisha mtu na ndoo yake, na mtoto akitaka kurusha mpira anaurusha barabarani mbele ya bodaboda na daladala. Kila kiwanja kilichobaki kina thamani kubwa kwa watoto, na thamani hiyo hiyo ndiyo inayowavuta wenye tamaa.

Kabla ya kupiga ngoma

Mimi nimekaa katika kamati ya kiwanja cha mtaa wetu kwa miaka kadhaa, na kazi ya redio imenipeleka kwenye shughuli nyingi za namna hii. Nitaeleza yale niliyoyaona yanafaa, kwa utaratibu wake.

La kwanza ni kujua kiwanja ni cha nani. Kabla ya kukodi spika, watu wawili au watatu waende ofisi ya serikali ya mtaa, na kutoka huko waende idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri. Waulize eneo lile limeandikwa kwa matumizi gani katika ramani ya mipango miji, na lina namba gani. Mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na mwananchi kuulizia si uchokozi. Ombeni nakala ya ramani, mlipe ada inayotakiwa, mchukue stakabadhi na kuitunza. Mkikuta kwamba eneo ni la shule, la dini au la mtu binafsi, basi mzungumze na mwenyewe na mpate ruhusa yake kwa maandishi. Mkikuta ni eneo la wazi la umma, mnayo nguvu ya kuanzia.

La pili ni kamati. Watu saba wanatosha. Wakizidi kumi na mbili, kila kikao kitakuwa hotuba. Katika saba hao pasikosekane mama anayelea watoto wadogo, kijana wa mtaani, mwalimu, mzee anayeheshimiwa, na mtu mmoja anayejua kuandika hesabu. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wahusishwe tangu siku ya kwanza, maana wao ndio wenye mhuri, lakini si lazima wao ndio wawe kamati. Msiwasahau wale wanaokitumia kiwanja sasa hivi: vijana wa mpira wa jioni, mama lishe wa pembeni, waendesha bodaboda wanaopumzika chini ya mwembe. Ukiwaacha nje watawaoneni kama mnaokuja kuwafukuza. Ukiwaita ndani, hao ndio watakuwa walinzi wenu, kwa sababu wao wapo pale kila siku.

Watoto nao waulizwe. Wakalisheni kumi au kumi na watano, wavulana kwa wasichana, muwaulize wanataka kucheza nini na wanaogopa nini pale kiwanjani. Katika mtaa wetu sisi watu wazima tulikuwa tumeshughulika na bembea. Watoto wakasema kinachowaogopesha ni shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa bati kwenye kona. Shimo hilo lilizibwa kabla ya kitu kingine chochote.

La tatu ni siku. Masika, kati ya Machi na Mei, si wakati wa kualika watu kiwanjani. Juni ni mwezi mzuri katika Pwani, jua si kali sana na mvua imepungua. Tena tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tangu mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Mkichukua Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, mtakuwa na sababu ya kuwaalika viongozi na waandishi wa habari. Angalieni pia kalenda za dini ili msigongane na sikukuu wala na mfungo. Mkishachagua siku, andikeni barua kwa serikali ya mtaa, na nakala mpeleke kituo cha polisi cha karibu. Mtu aliyetoa taarifa mapema haulizwi maswali mengi siku ya shughuli.

La nne ni fedha, na hapa ndipo shughuli nyingi hufia. Tufanye hesabu ndogo. Mtaa wenye kaya 200, kila kaya ikitoa shilingi 2,000, unapata shilingi 400,000. Si nyingi, lakini zinaanzisha kazi. Zaidi ya hapo ombeni vitu badala ya fedha: mwenye duka la vifaa vya ujenzi atoe kopo la rangi, fundi wa kuchomelea atoe nusu siku yake, mwenye gari atoe safari moja ya mchanga laini. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi liwepo daftari, wawepo watu wawili wa kutia saini, na michango ya simu iingie kwenye namba moja inayojulikana na watu wote. Siku mbili baada ya tamasha, mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa. Kamati ikibandika hesabu zake mwaka huu, mwakani haitahitaji kubembeleza mtu.

Akitokea mfadhili mwenye biashara, mshukuruni, lakini mkubaliane mapema kitambaa chake cha matangazo kitakaa wapi na kitaondolewa lini. Na wanasiasa wote waalikwe kwa kadi za namna moja, bila kujali chama. Watoto hawana kadi ya chama.

Wiki ya kusafisha

Siku saba kabla ya tamasha kuna kazi ambayo kwa maoni yangu ina faida kuliko tamasha lenyewe, nayo ni ukaguzi wa kiwanja. Watu watembee mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakiokota misumari, vigae, nyembe na chupa. Bembea zitikiswe na mtu mzima kabla ya mtoto kuzipanda. Mnyororo ulioliwa na kutu uondolewe, usifungwe kwa waya. Chuma cha kuserereka kiangaliwe kingo zake, na kwa vile jua la saa sita hukifanya kiunguze mapaja ya mtoto, kikiwezekana kiwekwe kivulini. Chini ya bembea pamwagwe mchanga laini wa kina cha kutosha, kwa sababu mtoto ataanguka tu, na tofauti ya mchanga na saruji ni tofauti ya machozi na hospitali.

Niseme neno juu ya matairi ya gari. Siku hizi matairi ya zamani ni kifaa kizuri cha bei nafuu: hufukiwa nusu ardhini yakawa ngazi, hupakwa rangi, huning'inizwa yakawa bembea. Lakini tairi likishika maji ya mvua ni nyumba ya mbu, na mbu wanaoeneza homa ya dengi hupenda sana mahali kama hapo. Dar es Salaam iliuonja ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa hiyo kila tairi litobolewe matundu upande wa chini ili maji yatoke. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye keekee.

Mtaani kwetu mwaka mmoja mtu alikuwa ameshapanga matofali yake katika robo ya kiwanja. Wazee hawakwenda kugombana naye. Walimwandikia barua ya heshima ya kumwalika kwenye siku ya watoto, wakamweleza kwamba siku hiyo kiwanja chote kitahitajika, na kwamba wiki nzima kabla yake kutakuwa na usafi. Barua ilikuwa na mhuri wa mtaa, na nakala ilikwenda kwa diwani. Matofali yaliondoka usiku, siku mbili kabla ya tamasha. Mwenyewe hakuja kwenye shughuli, wala hajarudi.

Siku yenyewe

Tamasha la watoto liwe la watoto. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimehudhuria shughuli ambazo watoto walipangwa mistari juani tangu saa tatu asubuhi, wakimsubiri mgeni rasmi aliyefika saa saba. Alipofika alisoma hotuba ndefu juu ya upendo kwa watoto, akapewa soda baridi, akaondoka. Pilau ikaliwa na watu wazima waliokaa chini ya maturubai. Mgeni rasmi akichelewa, michezo ianze. Atakuta watoto wanacheza, na hiyo ndiyo hotuba nzuri kuliko zote.

Anzeni saa mbili na nusu asubuhi, mpumzike jua linapopanda, mrudi saa tisa na nusu alasiri hadi kabla ya magharibi. Waliokwenda swala wapate nafasi yao. Gaweni kiwanja kwa umri: watoto wa chini ya miaka sita wawe na kona yao yenye kivuli, mbali na mpira. Michezo yetu wenyewe haina gharama. Rede inataka mpira wa soksi. Mdako unataka shimo dogo na vijiwe. Kombolela inataka pa kujificha. Ongezeni kuvuta kamba, mbio za magunia, mbio za kijiko na ndimu. Wekeni saa moja ambapo bibi na babu wanawafundisha watoto michezo waliyocheza wao. Nimeona mwanamke wa miaka sabini akiwashinda wajukuu zake katika mdako, na uwanja mzima ukasimama kumtazama. Kwa saa ile moja watoto walijua kwamba kiwanja ni cha wazee pia.

Watoto wenye ulemavu wasiwekwe pembeni wakapewa zawadi ya huruma. Njia ya kuingilia isawazishwe ili kiti cha magurudumu kipite, na kwa kila mchezo mtafute namna ambayo nao watashiriki. Wasichana wawe na muda wa mpira unaojulikana, maana bila hivyo vijana wakubwa watauchukua uwanja wote hadi jioni.

Mambo ya usalama hayana mjadala. Maji safi ya kunywa yawepo tangu asubuhi, na vyoo viwili vya jirani viombwe mapema, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana. Awepo muuguzi au mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, na ijulikane gari la nani litampeleka mtoto hospitali ikibidi. Kila mtoto mdogo abandikwe karatasi kifuani yenye namba ya simu ya mzazi, bila jina lake, ili mgeni asipate jina la kumwitia. Liwepo meza moja, inayoonekana na inayotangazwa kila baada ya nusu saa, ambapo mtoto aliyepotea hupelekwa. Mtu asiyejulikana asiruhusiwe kuondoka na mtoto wala kuwapiga picha watoto ovyo.

Muziki uwe wa kusikika kiwanjani, si mtaa wa tatu. Mzee mgonjwa wa nyumba ya jirani akitaabika na spika zenu mwaka huu, mwakani atakuwa wa kwanza kupinga.

Kesho yake

Ndugu msikilizaji, matamasha mengi yanakufa jioni ile ile maturubai yanapofunguliwa. Kwa hiyo kabla watu hawajatawanyika, saa kumi na moja hivi, mshereheshaji azime muziki kwa dakika kumi na tano. Kamati isimame. Watu waambiwe matokeo ya ile safari ya ofisi ya ardhi: eneo hili linajulikana hivi, namba yake ni hii. Ramani ioneshwe. Kisha yaamuliwe mambo matatu tu: nani ana zamu ya usafi kila mwezi, nani ana ufunguo wa geti kama lipo, na nani wa kupigiwa simu mtu akimwaga tripu ya mchanga. Majina ya waliohudhuria yaandikwe na saini zao, na muhtasari upelekwe ofisi ya mtaa upigwe mhuri. Karatasi hiyo, pamoja na ramani, picha za siku ile na barua zenu, iwekwe kwenye faili moja na nakala ikae kwa mtu wa pili. Siku mabati yakija, mtakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri mkiwa na faili, na wenzenu mtaani watakuwa wameshazoea kukaa kikao kimoja.

Nimesikia hoja ya wapangaji: "Sisi tunahama kesho, kiwanja cha nini?" Ni kweli kwamba katika miji yetu wengi ni wapangaji. Lakini mwanao anacheza leo, hangoji mhamie kwenye nyumba yenu. Na huko unakohamia, utakikuta kiwanja ambacho mpangaji mwingine aliyehama alikitunza, au utakuta ukuta.

Nimesikia pia ya wale wanaosema kazi hii ni ya serikali. Serikali ina wajibu wake, na tuendelee kuudai. Halmashauri ndiyo yenye mamlaka ya kupanga, kupima na kuondoa wavamizi. Hata hivyo afisa wa ardhi aliye na mafaili elfu mezani hulishughulikia kwanza lile ambalo watu wake wanakuja kulifuatilia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Watoto wetu wanaweza kutunzwa hivyo endapo tu wana mahali wanapopaita kwao. Kama mtaani kwako kiwanja bado kipo, nakuomba wiki hii upite pale jioni, uangalie ni nani anakitumia na kwa kazi gani, kisha umtafute jirani mmoja mkaulize pamoja ofisi ya mtaa. Watu wawili wanatosha kuanza.

Kwa leo nakomea hapa. Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.